Haina Mbele wala Nyuma

Asubuhi hii nimehesabu arobaini na moja
kabla ukungu haujaliachia ziwa.
Baiskeli, daftari, simu yenye ufa kiooni,
na viatu vya marehemu baba, vimenizidi vidole viwili.

Kazi yangu ndogo, mshahara hauna:
kusimama chini ya kila kilichosimama
na kukiuliza, wewe ni wa namna gani?

Minara mikubwa haina siri.
Huyu ni pipa: mikono mitatu kila upande, wa katikati mrefu,
kitambi cha mwenye nyumba baada ya Krismasi.
Huyu msonobari, mabega membamba, pindo pana.
Huyu lango: miguu miwili, boriti moja juu,
goli lisilo na kipa, theluji hufunga humo itakavyo.
Nawaandika. Volti elfu mia tatu na thelathini,
chuma cha pembe, boliti zenye kutu.
Wanatoka mbali, wanakwenda mbali,
hawajui majina ya vijiji wanavyoviruka.

Zinazonitoa jasho ni nguzo ndogo.
Za mbao, zilizokatwa huku huku, zikachovywa lami,
zikavishwa viatu vya zege enzi za shamba la ushirika,
maana udongo wetu wa kinamasi hula mbao kama mkate.
Kiatu na mguu vimefungwa kwa waya, mizunguko minane.
Sasa niambie: hii ya mbao au ya zege?
Fomu inataka jibu moja.
Nikaandika mbao. Arvīds, anayekagua kutoka Rēzekne,
akaweka zege. Nikarudisha. Akaweka.
Wiki nzima tukavutana juu ya mguu wa nguzo
kama ndugu wanaogombea koti la urithi.

Zipo zinazosimama mguu sawa.
Zipo za mguu pande, zimeegemea gongo,
hasa penye kona, waya unapozivuta shingo.
Zipo mbili zilizounganisha vichwa,
na transfoma katikati, ikinguruma kama paka juu ya jiko.
Kila moja ina kisanduku chake. Natia alama, naenda.

Halafu, nyuma ya nyumba ya Veneranda,
katikati ya viazi, nikaikuta.
Mbao. Mkono, hakuna.
Vikombe viwili vya kaure, kimoja kimepasuka.
Waya: sufuri.
Laini ilikatwa akina Spūlis walipohamia Ayalandi,
nguzo nyingine zikageuka kuni,
hii ikaachwa kwa ajili ya korongo wawili
waliokwisha kuitwika kichwani gari zima la vijiti.

"Haina mbele wala nyuma," nikasema.
"Wala haijakuomba kitu,"
akajibu Veneranda, ameinama, mikono udongoni.
"Wangu siku hizi unapita chini ya ardhi, kama fuko.
Lakini ule wa kwanza ulishuka hapo.
Baba yako aliteremka, akanywa supu ya bitiruti,
akaniambia, haya, bonyeza.
Nikabonyeza.
Nikaona jinsi dari yangu ilivyo chafu."

Kibati cha namba kingalipo. Kumi na saba,
na ile saba ina mkato kiunoni,
saba ya baba, ya kwenye bahasha za mshahara,
ya kwenye mlango wa ghala alipotupima urefu.

Fomu inauliza: kazi ya nguzo hii?
Kubeba. Kupinda. Kugawa. Kukomesha.
Nikakaa tutani mpaka suruali ikalowa.
Juu, mdomo mwekundu uligonga mdomo mwekundu,
kelele za mbao kavu, kama mtu anayepiga hesabu upya.
Nikaweka kitone.
Mbao na zege, yote mawili, Arvīds anisamehe.
Penye kazi sikuandika neno.

Usiku akapiga simu.
"Kuna kitone chako hakina mstari."
"Najua."
"Nikifute?"
Nilikuwa nikianika viatu karibu na jiko,
vidole vya mbele vimejazwa magazeti.
"Subiri mwisho wa Agosti," nikamwambia.
"Wakishaondoka, niulize tena."